Waulizeni Wanaogeuza na Gari

Saa kumi na moja jioni, katikati ya Dar es Salaam, kuna watu wanaopanda daladala inayoelekea wasikokwenda. Anayetaka kurudi nyumbani Chanika hulisubiri gari vituo viwili kabla halijafika mwisho wa njia, huingia wengine wakishuka, hutafuta kiti cha dirishani na kwenda nalo hadi stendi. Huko wenzake wanagombania mlango, wenye miili miepesi wakipitia dirishani, na yeye ameshatulia na mkoba mapajani. Konda hamshangai. Anamdai nauli mara mbili, ya kuingia mjini na ya kutoka, na safari inaanza. Jiji zima linaujua mchezo huo: kugeuza na gari.

Tuseme nauli ni shilingi 600 na kuzunguka huko kunamla abiria dakika 20. Bila kuulizwa na mtu, ametangaza kwamba kukaa kitini kwa saa moja na nusu ya foleni kuna thamani isiyopungua shilingi 600 pamoja na dakika 20 za jioni yake. Maamuzi ya aina hiyo yakikusanywa kwa maelfu, ya wanaogeuza na wasiogeuza, wanaokodi bajaji na wanaotembea kwa miguu, yanatosha kukokotoa thamani ya kiti, ya dakika ya kusubiri, hata ya usumbufu wa kubadilisha gari njiani. Wachumi na wahandisi huita kazi hiyo modeli za uchaguzi wa wasafiri. Imeshampa mtu Tuzo ya Nobel. Miji ya Afrika Mashariki, inayotumia mabilioni kwa barabara za mabasi na kwa reli, ingepaswa kuiweka mezani, tena hadharani, kabla zege halijamwagwa.

Aliyeipa kazi hiyo msingi wa kihesabu ni Daniel McFadden wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1965 mwanafunzi mmoja wa shahada ya juu alimwendea na data za idara ya barabara kuu ya jimbo hilo. Alitaka kujua idara iliamuaje barabara zipite wapi. Uchumi wa wakati ule ulizoea vitu vinavyoongezeka na kupungua kidogo kidogo, kama kilo za nyama au lita za mafuta. Msafiri hawezi kupanda robo ya basi na robo tatu ya treni. Hupanda hili au ile. McFadden alitunga hesabu ya maamuzi ya namna hiyo, akachapisha andiko lake kuu mwaka 1974, na miaka hiyohiyo akapata mahali pa kuijaribia. Eneo la Ghuba ya San Francisco lilikuwa limejenga BART, mtandao wa treni za umeme uliofunguliwa Septemba 1972.

Makadirio rasmi yalisema treni hizo zingebeba asilimia 15 ya safari za kwenda kazini. McFadden na wenzake waliwahoji wakazi kabla huduma haijaanza: unakwendaje kazini leo, unatumia dakika ngapi, unalipa kiasi gani? Kutokana na majibu hayo walikadiria asilimia 6.3. Treni zilipokwisha kuzoeleka, watu wakahesabiwa. Ikawa asilimia 6.2.

Mwaka 2000 McFadden alipata Nobel ya uchumi pamoja na James Heckman. Hata hivyo hakujivika taji lisilo lake. Alieleza kwamba kwa kiasi fulani walipatia kwa sababu zisizo sahihi: kwa mfano, modeli yao ilidhani watu wangekubali kutembea hadi kituoni zaidi ya walivyokubali kweli, na makosa mengine yakalipunguza kosa hilo. Kauli hiyo ina uzito kuliko tarakimu zenyewe. Aliweza kuitoa kwa sababu makadirio yaliandikwa mapema, yakahifadhiwa, kisha yakalinganishwa na ukweli kipengele kwa kipengele.

Hesabu yenyewe haina miujiza. Kila usafiri ulio mbele ya mtu hupewa alama. Nauli huipunguza alama hiyo, dakika za barabarani huipunguza, kubadilisha gari huipunguza, kiti huiongeza. Uzito wa kila jambo haukisiwi ofisini. Hutafutwa kwa kompyuta hadi alama ziafikiane na yale ambayo watu walifanya kweli. Halafu yanabaki mambo ambayo mpimaji hayaoni: goti linalouma, jirani mwenye gari anayetoa lifti, deni kwa muuza duka wa kituoni. Kwa sababu hiyo modeli haisemi Asha atapanda nini kesho. Inasema kati ya watu mia moja walio katika hali ya Asha, ni wangapi watapanda basi.

Wapanga nauli wana la kujifunza katika umbo la hesabu hiyo, inayoitwa logiti. Mtu ambaye basi na bajaji kwake ni karibu sawasawa huyumbishwa na jambo dogo: punguza shilingi 50 au ongeza basi moja kila robo saa, naye atahama. Yule ambaye kituo cha basi kiko kilomita tatu kutoka kwake hatahama hata nauli ikipunguzwa nusu. Pesa ileile ya ruzuku inaweza kuvuta maelfu mahali pamoja na isimvute mtu mahali pengine, na tofauti hiyo haionekani kwenye wastani wa jiji zima.

Logiti nayo ina kasoro, na wataalamu wanaikumbuka kwa mfano wa mabasi mawili. Chukua mji ambao nusu ya watu hupanda basi jekundu na nusu huendesha magari yao. Kampuni ikapaka nusu ya mabasi rangi ya buluu bila kubadilisha kitu kingine. Logiti ya kawaida itatabiri kwamba theluthi moja ya watu watapanda mabasi mekundu, theluthi ya buluu, na wenye magari watapungua hadi theluthi. Kila mwenye akili timamu anajua hakuna aliyeuza gari lake kwa sababu ya rangi. Watafiti wakatunga modeli zinazokusanya pamoja vyombo vinavyofanana kabla ya kuvilinganisha na vingine. Onyo la mfano huo linafika hata kwetu: basi jipya likipita njia ileile, kwa mwendo uleule na nauli ileile, abiria wake wengi watatoka kwenye daladala, na foleni ya magari binafsi itabaki palepale.

Kinachoumiza zaidi ni muda wa kusubiri. Tafiti nyingi za Ulaya na Marekani zimeonyesha kwamba abiria huihesabu dakika moja ya kusubiri kituoni, au ya kutembea kwenda huko, kama karibu dakika mbili za kukaa ndani ya chombo. Chukua mfano wa kubuni. Basi la haraka linatumia dakika 40 barabarani, ila abiria amelisubiri dakika 30. Kichwani mwake hizo ni dakika 100. Daladala inajikokota kwenye foleni dakika 70 lakini imepatikana baada ya dakika 10. Hizo ni dakika 90. Chombo kilichojengewa barabara yake peke yake kimeshindwa na kile kinachobanwa kwenye foleni, na kimeshindwa kabla abiria hajakanyaga ngazi.

Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yasomwe kwa jicho hilo. Awamu ya kwanza, kutoka Kimara hadi Kivukoni, Gerezani na Morocco, ilianza kubeba abiria Mei 2016. Ilikuwa hatua kubwa, na Dar es Salaam ilitunukiwa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Lakini huduma ilianza na mabasi 140, wakati mpango ulitaja mabasi 305. Mabasi yakipungua, barabara haibadiliki na kasi ya dereva haibadiliki. Kinachorefuka ni kusubiri, yaani dakika zile zinazohesabiwa mara mbili. Maji ya bonde la Jangwani, ambako mabasi hayo hupita, nayo yakipanda, huduma husimama. Abiria asiyejua kama kesho atafika kazini saa mbili au saa nne hujiwekea akiba ya muda kila siku, hata siku ambazo jua linawaka.

Kuna jibu ambalo viongozi hupenda kulitoa: mabasi yamejaa, kwa hiyo wananchi wameyapenda. Jibu hilo halina nguvu. Mwendokasi ulipoanza, daladala zilizokuwa zikipita Barabara ya Morogoro kuelekea katikati ya mji ziliondolewa kwenye njia hiyo. Mtu wa Kimara asiye na gari na asiyemudu bodaboda ya kila siku alibakiwa na mlango mmoja. Kuingia kwake hakumwambii mtafiti chochote kuhusu anachokipenda, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kulinganisha. Takwimu za mabasi yaliyojaa ni ushahidi wa uhitaji. Anayetaka ushahidi wa ubora aende kuwatazama wenye njia mbadala: yule aliyeacha gari lake nyumbani, na yule aliyejaribu mwendokasi kwa mwezi mmoja kisha akanunua pikipiki.

Kosa hili la kudhani kila safari ni uchaguzi limechunguzwa vizuri Nairobi. Mwaka 2010 watafiti Deborah Salon na Sumila Gulyani walichapisha utafiti kuhusu safari za wakazi wa mitaa ya mabanda ya jiji hilo, na kwenye kichwa cha habari neno la uchaguzi wakalifungia ndani ya alama za nukuu. Walikuta kwamba wakazi wengi hawakumudu chombo chochote chenye injini. Walipunguza safari za nje ya mtaa wao, na wanapolazimika kutoka, hutembea. Mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake na watoto. Ukiwatazama kwa hesabu ya haraka, watu hao wanaonekana kama wapenzi wa mazoezi: wana barabara, wana matatu zinazopita mlangoni, na bado wanakwenda kwa miguu.

Wanafunzi ni kundi jingine. Nauli yao iko chini sana ya nauli ya mtu mzima, na kila mkazi wa Dar es Salaam amewahi kuona konda akiziba mlango wanafunzi wakikimbilia gari. Modeli itakayoandika kwamba mtoto yule alichagua kusubiri dakika 50 itakuwa imekosea aliyechagua. Aliyechagua ni konda, kwa kuwa mtoto huyo angechukua nafasi ya abiria wa nauli kamili. Dawa yake ni kumfidia mwenye gari au kuweka usafiri maalumu wa wanafunzi. Mabango ya kuhimiza upole hayagusi hesabu ya konda.

Hata kugeuza na gari kunahitaji kusomwa kwa uangalifu. Asiyegeuza hajasema kwamba hakitaki kiti. Huenda hana shilingi 600 za ziada. Kwa mwanamke, kiti kile kinaweza kuwa kinga dhidi ya mikono ya watu wasio na adabu kwenye msongamano. Kwa mama mwenye mtoto mgongoni, ni suala la usalama. Ndiyo maana hesabu za thamani ya muda zina mtego wake. Ikipimwa kwa kile mtu yuko tayari kulipa, saa ya tajiri itatoka ghali na ya maskini rahisi, na barabara zitajengwa kuelekea kwa tajiri. Uingereza, katika kutathmini miradi yake, hutumia thamani moja ya taifa kwa muda wa kwenda na kurudi kazini bila kujali kipato cha msafiri. Nchi za Afrika Mashariki zinaweza kufanya hivyohivyo, na uamuzi huo ni wa kisiasa. Usiachwe ujifiche ndani ya jedwali la mshauri mwelekezi.

Reli nayo ina hesabu zake. Treni ya Madaraka Express ilianza safari za Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na kati ya vituo vyake vikuu inatumia muda mfupi kuliko basi. Lakini upande mmoja stesheni iko Syokimau, nje ya Nairobi, na upande wa pili iko Miritini, mbali na kisiwa cha Mombasa. Abiria anaongeza treni ya mjini au matatu huku, tuktuk kule, na muda wa ukaguzi wa mizigo. Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka shilingi 1,000 za Kenya hadi 1,500. Kwa msafiri mmoja mwenye begi dogo, treni inaweza bado kuwa na alama za juu. Kwa baba mwenye watoto wanne na mabegi saba, basi linalomshusha katikati ya mji linaanza kupendeza. Tanzania, ilipoanza safari za reli ya kisasa (SGR) kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, ilikuwa imeiweka stesheni ya Dar es Salaam katikati ya mji. Dakika ambazo abiria anaziokoa hapo hazimo kwenye ratiba ya treni, lakini zimo kwenye uamuzi wake.

Makadirio yanayoachwa bila mtu wa kuyakagua hukosea kuelekea upande mmoja. Mwaka 2005 Bent Flyvbjerg na wenzake walichapisha uchambuzi wa miradi 210 ya usafiri katika nchi 14. Kwa miradi ya reli, katika 9 kati ya 10 makadirio ya abiria yalikuwa ya juu kuliko waliojitokeza, na kwa wastani yalizidi kwa asilimia 106. Yaani palipoahidiwa abiria mia mbili, walikuja kama mia moja. Makosa ya kawaida ya hesabu yangetawanyika, mengine juu na mengine chini. Yanapoegemea upande unaorahisisha mkopo kupatikana, mwananchi ana haki ya kuuliza nani aliyashika makadirio mkono.

Wapo watakaosema kwamba abiria wenyewe hawaaminiki. Wana hoja. Ukimuuliza mtu kama atapanda basi jipya la umeme lenye kiyoyozi, atasema ndiyo, kwa kuwa analitaka lije hata kama halitamfaa yeye. Mazoea pia hupofusha. Februari 2014 mgomo wa wafanyakazi ulifunga sehemu ya vituo vya treni za chini ya ardhi London kwa siku mbili. Wachumi Larcom, Rauch na Willems walifuatilia kumbukumbu za kadi za nauli wakakuta kwamba karibu asilimia 5 ya abiria waliolazimika kujaribu njia nyingine hawakurudi kwenye ile ya zamani. Walikuwa wamepita njia isiyowafaa zaidi, pengine kwa miaka, bila kujua. Hoja hiyo inataka upimaji makini zaidi, unaoweka kile mtu alichofanya mbele ya kile alichosema atafanya. Haiwapi maofisa ruhusa ya kukisia.

Hoja ya gharama ni dhaifu zaidi. Mradi wa Digital Matatus, uliowakutanisha Chuo Kikuu cha Nairobi, MIT, Columbia na kampuni ya Groupshot, uliwatumia wanafunzi wenye simu waliopanda matatu na kurekodi vituo. Mwaka 2014 Nairobi ikapata ramani ya njia zake zaidi ya 130, mtandao ambao wengi walidhani hauna mpangilio. Dodoso la abiria elfu chache, linalowafuata kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa kazi na kuwajumuisha wanaotembea, lingegharimu sehemu ndogo sana ya bei ya kilomita moja ya barabara ya mabasi. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Nairobi vina wahandisi na wanatakwimu wa kulifanya.

Mpango wa mwendokasi wa Dar es Salaam una awamu sita, zikiwamo Barabara ya Nyerere kuelekea Gongo la Mboto na Barabara ya Bagamoyo kuelekea Tegeta. Nairobi nayo ina mpango wa njia zake za mabasi ya haraka. Kwa kila njia, mamlaka zichapishe mambo matatu kabla huduma haijaanza: idadi ya abiria inayotarajiwa, dakika za kusubiri na kutembea zilizotumika kuifikia idadi hiyo, na idadi ya mabasi ambayo ikipungua makadirio yote yanafutika. Mwaka mmoja baadaye taasisi isiyo ya mwendeshaji wala ya wizara ihesabu upya na kuchapisha tofauti, pamoja na habari za waliojaribu huduma wakaiacha. Wajibu huo uandikwe ndani ya mkataba wa mwendeshaji na wa mshauri, ukiwa na tarehe, na malipo ya mwisho ya mshauri yazuiliwe hadi ripoti ya ulinganisho itakapotoka.